Mbio za hadhi ndo zinazokula huduma za umma, na kodi ya mapato tunailaumu bure

Kila mjadala wa kodi ya mapato ukianza haupiti muda lazima atokee mtu aseme ukiwakata watu hela nyingi wataacha kujituma, na akishasema hivyo mjadala ni kama umeisha, kila mtu anaona kweli bana, nani atapambana wakati serikali inamsubiri mlangoni. Mimi naona hoja hiyo ina ukweli ila imeachwa njiani, na kipande kilichoachwa ndo kinabadilisha hesabu nzima. Sehemu ya hiyo kujituma tunayoiogopa isife haitafuti shibe wala usalama wala raha, inatafuta nafasi. Mtu anataka awe juu ya mwenzake, au walau asionekane yuko chini yake. Na nafasi haziongezeki, wote mkikimbia mara mbili zaidi wa kwanza bado ni mmoja na wa mwisho bado yupo.

Hebu chukua watu wawili, wanafanya kazi sehemu moja, wanakaa mtaa mmoja, wanajuana. Mmoja anaongeza masaa ya kazi, wikiendi anaenda, usiku anarudi watoto wameshalala, mwisho anapata hela ya kubadilisha gari. Yule mwingine gari lake halijaharibika, linawaka vizuri kama lilivyowaka jana, lakini ghafla limekuwa gari la kizamani machoni pa watu na machoni pake mwenyewe pia, kwahiyo na yeye anaongeza masaa na yeye ananunua. Mwaka ukiisha wote wana magari mapya, wote wamechoka, watoto wa nyumba zote mbili wamelala bila kumwona mzazi, na kwenye kuheshimiwa kila mmoja yuko palepale alipoanzia. Ukija na takwimu za uchumi utaona mambo mazuri tu, masaa yameongezeka, mauzo yameongezeka, kipato kimeongezeka. Wao wenyewe ukiwauliza maisha yameboreka wapi, watatafuta jibu mpaka wachoke.

Jambo lenyewe ni la zamani, mchumi wa Marekani Thorstein Veblen aliandika kuhusu matumizi ya kujionyesha toka mwaka 1899. Ila zamani lilikuwa zaidi jambo la kuwanyooshea vidole matajiri. Siku hizi limepimwa, na likipimwa halibaki kuwa la matajiri peke yao.

Mwaka 1998 watafiti Solnick na Hemenway walichapisha majibu ya watu waliowahoji pale Harvard, wanafunzi na walimu na wafanyakazi. Waliwapa dunia mbili wachague. Kwenye ya kwanza wewe unapata dola 50,000 kwa mwaka na wenzako wanapata 25,000. Kwenye ya pili wewe unapata 100,000 ila wenzako wanapata 200,000, na bei za vitu ni zilezile kote. Karibu nusu ya watu walichagua ya kwanza, yaani walikuwa radhi wapoteze nusu nzima ya uwezo wao wa kununua ili mradi wawe juu. Lakini walipoulizwa swali la aina hiyohiyo kuhusu likizo, wiki 2 wenzako wakiwa na 1 au wiki 4 wenzako wakiwa na 8, wengi sana walichukua wiki zao 4 wakaenda zao. Hapo kwenye tofauti kati ya hela na likizo ndo pana kitu cha kushika, tutakirudia. Kuna vitu tunavipima kwa kumwangalia jirani na kuna vitu tunavipima kwa jinsi vinavyotufaa wenyewe, na hivyo viwili vinagombania muda uleule na hela ileile.

Mtu anaweza kusema hayo ni majibu ya kwenye karatasi, watu wanasema hivi wanafanya vile. Sawa, twende kwa walichofanya. Uholanzi kuna bahati nasibu inayochezeshwa kwa namba za posta, mtaa mmoja unapigwa bahati, na wakati wa utafiti ninaousema waliokata tiketi kwenye namba ile walipata hela na gari la BMW, wasiokata hawakupata kitu. Watafiti wakiongozwa na Peter Kuhn walifuatilia mitaa hiyo, wakatoa matokeo mwaka 2011, na wakakuta kwamba wale majirani ambao hawakucheza na hawakushinda chochote nao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kununua gari miezi iliyofuata. Hakuna hela iliyoingia kwenye nyumba zao. Kilichoingia ni gari la jirani mbele ya macho yao. Kanada nako utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha kitu kizito zaidi, kadiri mtu alivyoshinda hela nyingi kwenye bahati nasibu ndivyo majirani zake wa karibu walivyozidi kufilisika miaka iliyofuata, na wale waliofilisika walikutwa wamelundika zaidi mali za kuonekana kama magari kuliko zile za kukaa kimya benki. Mimi huo utafiti kila nikiukumbuka unaniuma, maana hawa sio watu wabaya wala wapumbavu, ni watu wa kawaida waliovutwa na kitu ambacho hata majina yao hakikuyataja.

Sasa tuje kwenye kodi. Kiwanda kikitoa moshi, gharama ya moshi hailipwi na mwenye kiwanda, inalipwa na mapafu ya watu wanaokaa karibu, ndo maana wachumi wengi, hata baadhi ya wale wasioipenda serikali, wanakubali kwamba kuutoza moshi kodi hakuharibu uchumi, kunaurekebisha. Kipato changu kikipanda nikakitumia kwa kuonekana, nakushusha wewe bila kukugusa, na gharama hiyo sikuiweka kwenye hesabu zangu wakati naamua kuongeza masaa. Kwahiyo naongeza masaa kupita kiasi ambacho sote wawili tungekubaliana kama tungekaa chini tukaongea. Kodi ya mapato, kwa sehemu hiyo, inafanya kazi ileile ya kodi ya moshi. Wachumi Michael Boskin na Eytan Sheshinski walishalionyesha hili kwa hesabu mwaka 1978, kwamba watu wakijali kipato chao ukilinganisha na cha wengine basi kodi inayofaa kugawa upya mapato inatoka juu kuliko ile unayoipata ukidhani kila mtu anajiangalia mwenyewe tu. Zaidi ya miaka 40 sasa, na bado kwenye mijadala ya bajeti hesabu inayopigiwa kelele ni ileile ya upande mmoja, kodi imekula juhudi kiasi hiki basi ni hasara kiasi hiki, bila kuuliza juhudi ipi.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndo lina nguvu kuliko yote na silisikii likisemwa. Kodi ya mapato ikiwa imetungwa vizuri haibadilishi mpangilio wa watu. Aliyekuwa juu yako kabla ya kukatwa bado yuko juu yako baada ya kukatwa, hata kama kiwango kinapanda kadiri kipato kinavyopanda, maana hakuna anayekatwa zaidi ya alichoongeza. Sasa kama ni kweli kwamba watu wanapambana sana kwa ajili ya nafasi, basi kodi haijawanyang'anya wanachokipigania, nafasi ipo palepale inawasubiri. Anayeendesha kampuni kubwa na kulipwa mara nyingi kuliko wenzake, hela za juu kabisa haendi nazo sokoni, ni pointi zake za kuhesabia nani kashinda. Pointi ukizikata kwa wote kwa kanuni moja mchezo unaendelea. Wanaosema watu ni wapiganaji wanaotaka kuwa namba moja na wakati huohuo wanasema kodi itawafanya walale, wachague moja kati ya hayo.

Na hapa lazima nijibu hoja ya wivu maana najua inakuja. Wengi wakisikia habari hizi wanasema unataka serikali iwasikilize wenye kijicho. Hapana. Adam Smith mwaka 1776 aliandika kwamba shati la kitani sio hitaji la uhai, Wagiriki na Waroma waliishi bila kitani wakawa sawa tu, ila katika Ulaya ya wakati wake kibarua mwenye heshima zake alikuwa anaona aibu kutoka mbele za watu bila shati hilo, na huko Uingereza viatu vya ngozi vilikuwa hivyohivyo. Huyo kibarua hana wivu na mtu. Anachotaka ni kusimama mbele za watu bila kuinamisha uso, na gharama ya kusimama hivyo haipangi yeye, inapangwa na wanaomzunguka. Ukienda kuomba kazi na nguo iliyochakaa wakati wenzako wote wamependeza, hukosi kazi kwa sababu una roho mbaya. Mzazi anayejinyima mtoto asome shule yenye jina, wengi wanamwita mpenda sifa, mimi namwona ni mtu anayejua kabisa jinsi milango inavyofunguliwa. Kiwango kikipanda juu, gharama ya kuonekana mtu wa kawaida inapanda na walio chini, na hilo ni tatizo la uchumi kabisa, usilipeleke kwenye tabia.

Haya, huduma za umma zinaingia wapi? Zinaingia hapa, kwamba hazimpi mtu nafasi. Taa ya barabarani inakumulika wewe na inamulika mwenzako, hewa safi mnavuta wote, ugonjwa wa mlipuko ukidhibitiwa mmepona wote, hakuna anayeweza kumkoga mwenzake kwa mfereji wa maji machafu unaopita chini ya ardhi. Kwahiyo kwenye moyo wa mtu anayekimbizana, hela inayokwenda kwenye mfereji inaonekana kama hela iliyopotea, na hela inayokwenda kwenye geti la nyumba inaonekana imefanya kazi. Sio kwamba haoni faida ya mfereji. Anaiona. Ila akilipa yeye halafu mwenzake akajenga geti, yeye kapitwa.

Angalia hata namna tunavyopima kama watu wanautaka mradi wa umma. Kanuni aliyoiweka mchumi Paul Samuelson mwaka 1954 inasema jumlisha kiasi ambacho kila mtu yuko tayari kulipa kwa ajili ya nyongeza ile, jumla ikifikia gharama basi fanya. Ni kanuni nzuri na ndo msingi mpaka leo. Lakini ukienda kumuuliza mtu mmojammoja, wewe ungetoa kiasi gani kila mwezi ili hewa ya mji iwe safi, picha inayomjia kichwani ni hela inatoka mfukoni mwake yeye, wengine wamebaki na zao, yeye ndo atapunguza ada, nguo, simu, sherehe, atarudi nyuma kwenye kila kitu kinachoonekana. Atakutajia kiasi kidogo. Muulize sasa, kila mtu akikatwa kulingana na kipato chake wewe pia ukatwe, ungekubali kiasi gani? Hapo anapunguza gari wakati wote wanapunguza magari, harudi nyuma ya mtu, na kile kiasi anachoweza kutaja kinakuwa kikubwa zaidi. Mtu ni yuleyule, hewa ni ileile, thamani mbili. Wachumi wawili wa Uswidi, Thomas Aronsson na Olof Johansson-Stenman, walilichambua hili mwaka 2008 na wakaonyesha kwamba namna unavyopima utayari wa kulipa ndo inaamua kanuni ipi ya kupanga huduma za umma ni sahihi. Kwa lugha ya mtaani, tafiti zinazouliza watu wakiwa peke yao zinatuambia watu hawataki huduma za umma, kumbe wanachokataa ni kuachwa nyuma peke yao.

Mimi ningekuwa nasimamia utafiti wa aina hiyo ningeuliza maswali yote mawili kwenye karatasi moja, na ile tofauti kati ya majibu ndo ningeibandika mezani kwa wanaopanga bajeti.

Sio kwamba hoja hii haina mipaka, inayo na ni vizuri isemwe. Watu wangekuwa wanashindania na mapumziko pia, nani ana likizo ndefu nani anastaafu mapema, basi kodi inayowasukuma watoke kazini wakapumzike ingekuwa inawahamisha tu kutoka mbio moja kwenda nyingine na nguvu ya hoja ingepungua. Ndo maana nilisema ile tofauti ya hela na likizo pale Harvard tutairudia, kwa majibu yale mapumziko hayana ushindani mkali kama hela. Tena kama kodi yenyewe imeshapangwa vizuri kukata zile mbio, huduma za umma hazihitaji kupewa nyongeza nyingine kubwa kwa sababu hiyohiyo, ukifanya hivyo unatibu ugonjwa mmoja mara mbili. Lakini nani atasema kodi zetu zimepangwa kwa kuangalia hilo?

Swali linalonisumbua zaidi ni hili, kama hesabu iko hivi mbona wapiga kura hawaitaki? Ungetegemea watu waliochoka kukimbizana wawe wa kwanza kusema jamani tupunguze mwendo wote pamoja. Jibu nadhani ni kwamba hadhi haikai kwenye manunuzi tu, inaingia mpaka kwenye kura. Kwanza watu hatujui tuko wapi. Utafiti uliotoka mwaka 2013 huko Ajentina uligundua watu wengi wanajiweka sehemu ambayo sio yao, na wale waliodhani wako juu kuliko ukweli walipoambiwa nafasi yao halisi walianza kudai wasaidiwe walio chini zaidi. Uswidi, matokeo ya mwaka 2017, ilikuwa kinyume, wengi walidhani wako chini kuliko walivyo, na walipoambiwa mko juu jamani wakapunguza kutaka mapato yagawanywe upya. Yaani msimamo wa mtu kuhusu kodi unahama kwa taarifa moja ya nafasi yake tu, hela mfukoni haijabadilika hata senti.

Halafu kuna hofu ya kuwa wa mwisho. Mchumi Kuziemko na wenzake mwaka 2014 walionyesha kwamba Marekani wanaopata kidogo tu juu ya kima cha chini cha mshahara ndo waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupinga kima hicho kupandishwa, kwa sababu kikipanda wale wa chini yao wanawafikia na wao wanakuwa wa mwisho. Mtu anakataa kitu ambacho karibu kingemfaa na yeye. Wanasiasa wanaijua hofu hii na wanaichezea vizuri sana, wanamwambia mtu wa kati kwamba kodi yako inakwenda kuwainua wale, hawamwambii inajenga zahanati utakayotibiwa wewe.

Ila kinachoniumiza kuliko vyote ni pale huduma yenyewe ya umma inapopewa hadhi ya chini. Shule ya umma inakuwa shule ya wasio na uwezo, hospitali ya umma inakuwa ya waliokosa pa kwenda, basi linakuwa la wasio na gari. Ikishafika hapo kuikimbia huduma ya umma ni njia ya kuonyesha umefika. Mwenye kipato akipata nafuu kidogo cha kwanza anamtoa mtoto, anaweka mlinzi, anachimba kisima, na anayetoka sio mtu hivihivi, ni yule mwenye sauti, anayejua kuandika malalamiko yakasomwa, anayejuana na diwani. Huduma inabaki na watu ambao wakilalamika hawasikiki, ubora unashuka, na ukishuka wengine wenye nafuu wanapata sababu halali kabisa ya kutoka. Baada ya muda mtu huyo analipa mara mbili, kodi na ada, kodi na kisima, na hapo sasa akisema kodi ni wizi unamjibu nini? Hasira yake ina msingi, ila ukiangalia kwa pamoja ni wao wenyewe, mmojammoja, kila mtu kwa sababu inayoeleweka, walioitoa hewa huduma ile.

Linganisha na London mwaka 1858. Joto la kiangazi kile mto Thames ulinuka kinyesi kiasi kwamba bungeni, ambako ni ukingoni mwa mto, kukaa ilikuwa shida, wakajaribu kulowesha mapazia kwa chokaa ya klorini na harufu ikaingia vilevile. Kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu ya watu mjini humo miaka ya nyuma na maamuzi yakawa yanasuasua, ila harufu ilipowafikia waheshimiwa sheria ilipita ndani ya wiki chache, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa nguvu na fedha za umma kujenga mfumo wa mifereji ambao mji unautumia hadi leo. Harufu haikuwa na daraja la kwanza na la pili. Ukitaka wenye uwezo walipie kitu cha wote kwa moyo, hakikisha hawana mlango wa pembeni wa kutokea, au kifanye kiwe kizuri kiasi kwamba hawatafuti mlango huo. Huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya maskini tu inaishia kuwa huduma maskini, na mimi ndo maana sipendi kabisa mipango ya kuchuja nani anastahili, unaokoa hela kidogo leo unapoteza utetezi wa kesho.

Wengine wanasema basi tatizo ni siri, weka mapato ya kila mtu hadharani watu wajue ukweli. Norwei walifanya karibu na hivyo, mwaka 2001 taarifa za kodi za wananchi zikawekwa mtandaoni, unaandika jina la mtu unaona mapato yake. Watu walizitumia sana kuchunguzana. Utafiti wa Ricardo Perez-Truglia ulikuta kwamba baada ya hapo pengo la furaha kati ya wenye kipato kikubwa na wenye kidogo lilipanuka kwa asilimia 29. Kuanzia mwaka 2014 ikawekwa kwamba ukimchungulia mtu na yeye anaona nani kachungulia, na kuchunguliana kukashuka sana. Huko California nako wafanyakazi wa chuo kikuu walipoonyeshwa pa kutazama mishahara ya wenzao, waliokuwa chini ya mshahara wa katikati kwa wenzao wa idara na kazi ileile kuridhika kwao na kazi kulipungua, na waliokuwa juu hawakupata furaha yoyote ya ziada. Walioko chini wameumia, walioko juu hawajafaidika, ukijumlisha umepata hasara tupu. Kwahiyo uwazi una kazi yake kwenye kukamata wakwepa kodi ila usidhani utatuliza mbio, unaziwekea ubao wa matokeo.

Na kodi za anasa je? Kinadharia ni tamu, mwanafalsafa na mchumi John Stuart Mill mwaka 1848 alishaona kwamba kitu kinachonunuliwa kwa sababu ni ghali kikiongezwa bei mnunuzi hapotezi kitu, kinaonyesha uwezo wake vilevile, na serikali imepata. Shida ni kwamba kuonekana kuna njia elfu. Marekani waliweka kodi ya asilimia 10 kuanzia 1991 kwenye boti za kifahari, ndege binafsi, vito, manyoya na magari ya bei kubwa, na mwaka 1993 wakaifuta karibu yote ikabaki ya magari tu mpaka 2002, watengenezaji wa boti walilia kwamba wateja wameacha kununua na mafundi wamebaki bila kazi. Tajiri hakuishiwa kwa kukosa boti, alihamishia fahari yake sehemu nyingine, aliyebaki na mzigo ni fundi. Kupiga marufuku ndo kabisa, Roma walitunga sheria ya Oppia mwaka 215 kabla ya Kristo kuwabana wanawake wasivae dhahabu nyingi wala nguo za rangirangi, mwaka 195 wanawake wakajaa barabarani mpaka ikafutwa. Ukikimbizana na kitu kimojakimoja utashindwa tu. Kodi pana ya mapato, au ile ya kukata kwa kiwango kinachopanda kwenye jumla ya matumizi ya mtu kwa mwaka kama mchumi Robert Frank anavyoitetea, haijali umenunua boti au umefanya harusi ya kufuru, inapunguza mwendo wa wote kwa pamoja. Hiyo ya matumizi mimi naipenda zaidi kwa sababu inamwacha anayeweka akiba, ila inataka mamlaka inayoweza kufuatilia akiba za watu vizuri, na sehemu nyingi bado hazijafika huko. Kodi ya mapato yenye viwango vinavyopanda inaweza kuanza kesho.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wanaipenda, kwamba hadhi yenyewe igeuzwe ilipie umma, wenye hela washindane kutoa. Athens ya kale walifanya, matajiri walibebeshwa kugharimia manowari ya vita kwa mwaka au kwaya za matamasha, na walijisifia kweli, mtu akiwa mahakamani anawahesabia waamuzi alivyotumia kwa ajili ya mji. Mnara ambao mmoja wao, Lysikrates, aliujenga kusherehekea ushindi wa kwaya aliyoilipia, wa mwaka 335 hivi kabla ya Kristo, bado umesimama. Ukiona umebebeshwa mzigo wakati jirani ni tajiri kuliko wewe uliweza kumshtaki, aidha aubebe yeye au mbadilishane mali. Akili ya hali ya juu sana hiyo. Lakini angalia walichoshindania, meli na nyimbo, vitu vinavyopigiwa makofi. Leo hii ni hivyohivyo, jengo la chuo linapata jina la mfadhili, chumba cha upasuaji kinapata jina, dawa za minyoo hazipati jina na mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku haupati jina. Na watu wakitangazwa kwa makundi ya kiasi walichochanga, wengi wanatoa kile kiwango cha chini kabisa cha kuingia kundi husika, mchumi William Harbaugh aliliandika hilo mwaka 1998. Wapewe sifa zao, majina yaandikwe makubwa kabisa. Ila iwe juu ya kodi waliyokwisha kulipa, isije ikahesabiwa badala yake, maana mfereji na zamu ya usiku haviwezi kusubiri mtu atakayetaka kupigiwa makofi kwa ajili yake.